Sahihi ya Mwalimu Kibona

Wapendwa, Neno tumekwisha kulisikia likisomwa, sitalirudia. Nataka twende shuleni kwa muda, halafu tutarudi hapa. Shule yenyewe nimeitunga mimi, na watu wake nimewatunga mimi, kwa hiyo mtu asitoke hapa akaanza kuulizia ni kata gani. Nikimaliza, kila mmoja atajua ni kata gani.

Ilikuwa shule ya msingi, huko mlimani kwenye baridi, mahali ambapo ukungu huondoka saa nne asubuhi ukiwa umependa kuondoka. Walimu walikuwa tisa. Katika ofisi ya mwalimu mkuu kulikuwa na kitabu cha mahudhurio, na ninyi walimu mlioko hapa mnakijua vizuri. Unafika, unaandika jina, unaandika saa uliyofika, unasaini. Ikitimia saa moja na nusu, mwalimu mkuu anachukua kalamu nyekundu na rula, anapiga mstari. Aliye juu ya mstari amewahi. Aliye chini ya mstari amechelewa, na asiyefika kabisa jina lake huandikwa mwisho pamoja na sababu.

Mwaka huo wilaya ilikaza. Ilikuja barua kwamba shule zote zitapangwa kwa mahudhurio ya walimu, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na majina ya wakuu wa shule zitakazoshika mkia yatasomwa mbele ya wenzao. Sisemi ilikuwa sheria mbaya. Mtoto anayetembea saa nzima kwenye umande, akafika akakuta darasa halina mwalimu, huyo mtoto ameibiwa. Walimu walikuwa wanachelewa kweli, na wengine walikuwa hawaji kabisa. Wilaya ilikuwa na haki ya kukaza.

Sasa katika walimu hao tisa alikuwepo mzee mmoja, Mwalimu Kibona, amebakiza miaka miwili kustaafu. Alifundisha darasa la tatu. Mke wake alikuwa amefariki, na mtoto wake wa pekee, Sekela, alikuwa anafanya kazi Dodoma. Mzee aliishi peke yake ng'ambo ya kijito, nyuma ya msitu wa misindano, hana jirani wa karibu. Hata hivyo kila siku ya Mungu alisaini saa moja kamili. Darasa lake lilisifika kwa utulivu. Alikuwa amewazoeza watoto kwamba mwalimu akiwa hajaingia, unafungua kitabu na kusoma kimya mpaka aingie. Ukipita dirishani kwake ungedhani hamna watu.

Alikuwepo pia mwalimu kijana, Atuganile, mwaka wake wa pili kazini, ana mtoto mchanga, na mume yuko mbali kikazi. Huyu mstari mwekundu ulikwisha kumpata mara mbili, na alikuwa ameambiwa kwamba mara ya tatu jina lake linakwenda wilayani. Basi Jumatatu moja mtoto akaamka anapumua kwa shida, mbavu zinabonyea. Atuganile akamfunga mgongoni akakimbilia kituo cha afya, na njiani akamtumia Mwalimu Kibona ujumbe kwa simu, kwamba mtoto ni mgonjwa sana, amwombee ruhusa.

Mwalimu mkuu siku hiyo hakuwepo. Hapakuwa na wa kuombwa ruhusa. Mzee akasimama mbele ya kitabu kile, akafikiri. Zaidi ya miaka thelathini hajawahi kuandika uongo humo. Halafu akaandika jina la Atuganile, akaandika saa moja na dakika kumi, akasaini.

Lakini nisikilizeni, maana hapa ndipo wengi tunapopita haraka. Mzee alipokwisha kusaini, alikwenda kwenye darasa la yule binti, akawachukua watoto wake wote, akawaingiza kwenye darasa lake, wakawa zaidi ya mia katika chumba kimoja, akawafundisha akiwa amesimama mlangoni kwa sababu ndani hamkuwa na pa kukanyaga. Mchana alipomaliza akapika uji, akautia kwenye chupa, akatembea mpaka kituo cha afya. Akamkuta Atuganile amekaa kando ya kitanda. Akampa uji, akamwambia hivi:

"Nimekusainia. Ni kosa, na nimelifanya mimi. Sasa niambie mtoto anaendeleaje, nijue nimesaini nini."

Alifanya hivyo siku nne. Asubuhi anasaini, mchana anakwenda kutazama. Mtoto akapona.

Wale walimu wengine waliona. Wakajifunza. Ila walijifunza nini? Walijifunza kusaini. Ile safari ya kituo cha afya na ile chupa ya uji hawakujifunza. Kabla muhula haujaisha, kila mtu alikuwa anamsainia mwenzake. Huyu kachelewa basi, msainie. Yule kaenda harusini, msainie. Wakapata na jina zuri la kuliita jambo lile, wakaliita kusitiriana. Mwalimu mkuu aliona kabisa kwamba sahihi tano zina mkono mmoja, lakini ukurasa ulimpendeza. Kila asubuhi walimu tisa juu ya mstari. Shule ikapanda kutoka mkiani hadi ya pili wilayani. Zamani alikuwa na desturi ya kupita madarasani asubuhi, akaiacha. Ya nini kupita, wakati watu wote wapo?

Mnaona ubaya ulipoingilia? Hakuna aliyeuleta kwa nia mbaya. Uliingia kwa mlango wa huruma, ukavua viatu, ukakaribishwa kiti.

Ikafika Jumatatu nyingine, mwezi wa saba, baridi kali. Mwalimu Kibona aliamka alfajiri kama siku zote. Akateka maji kwenye ndoo ya kunawia. Akakaa kitandani, akavaa kiatu cha kulia. Alipoinama kuchukua cha kushoto, upande mmoja wa mwili ukamwacha. Kiharusi. Akaanguka kati ya kitanda na mlango. Simu ilikuwa mezani, na kwa mtu aliyelala sakafuni bila nusu ya mwili, meza ni mbali kuliko Dodoma. Akajaribu kuita. Sauti ikatoka, lakini maneno hayakuwemo.

Nyumba yake ilikuwa mbali na macho ya watu, ila haikuwa mbali na kengele. Kengele ya shule ile ilikuwa rimu ya gari, ikigongwa inasikika mpaka ng'ambo ya kijito. Kwa hiyo aliisikia. Aliisikia ya kuingia, aliisikia ya mapumziko, aliisikia ya kutoka. Bila shaka alijiambia: leo nimechelewa, sasa hivi watashangaa, watakuja.

Kule ofisini, saa moja na dakika ishirini, Atuganile aliona jina la Mwalimu Kibona bado halipo. Mnajua alihisi nini? Alifurahi. Miezi yote hiyo alikuwa anadaiwa fadhila na hana njia ya kuilipa. Akakumbuka mzee aliwahi kutaja habari za kwenda kupimwa presha, akaona ndiyo hiyo. Akachukua kalamu, akaandika Kibona, saa moja kamili, akasaini. Akaenda darasani moyo wake mweupe.

Jumanne mwalimu mwingine akaona pengo lile lile, akasaini. Huyu alikuwa amesikia jana Atuganile ndiye aliyemsainia, akadhani Atuganile anajua mzee yuko wapi. Atuganile naye, alipoona Jumanne mtu mwingine amesaini, akadhani huyo mtu ameongea na mzee. Hakuna aliyemuuliza mwenzake, kwa sababu jambo la kusitiriana halizungumzwi.

Jumanne hiyo hiyo watoto wawili wa darasa la tatu walikuja ofisini. Walisimama mlangoni, wakasema mwalimu wao hajaingia tangu jana. Mwalimu mkuu akakivuta kitabu, akatazama, akawaambia yupo, amesaini, warudi wakamsubiri. Watoto wakarudi. Wana miaka tisa, wataanzaje kubishana na kitabu? Wakafungua vitabu vyao, wakasoma kimya kama walivyozoezwa, ukipita dirishani unadhani mwalimu yumo.

Mchana simu ya mwalimu mkuu ikalia. Alikuwa Sekela, kutoka Dodoma.

"Shikamoo Mwalimu. Samahani kwa usumbufu. Baba hapokei simu tangu jana asubuhi, nikaona nikuulize wewe. Yupo salama?"

Kitabu kilikuwa bado kiko wazi mezani. "Marahaba mwanangu. Yupo. Leo amesaini saa moja kamili, kama kawaida yake."

"Umemwona?"

Mwalimu mkuu akacheka kidogo. "Baba yako hana haja ya kuonwa, Sekela. Yule ni saa ya ukutani. Yuko darasani sasa hivi. Nitamwambia akupigie."

Sekela akashukuru sana. Alikuwa ameshaomba ruhusa kazini, ameshapanga nguo kwenye begi, asubuhi yake apande basi. Akarudi kwa bosi wake akamwambia ruhusa haihitajiki tena, kumbe mzee yupo kazini. Akatoa nguo kwenye begi, akazirudisha kabatini.

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliandika kwenye kikaratasi, "Mpigie Sekela," akakiweka kwenye meza ya Mwalimu Kibona katika chumba cha walimu. Akaona ametimiza. Kesho yake, Jumatano, mkono mwingine ulimsainia mzee, naye mwalimu mkuu alikwenda wilayani kwenye kikao, na huko shule yake ikatajwa mbele ya wote kwa mahudhurio mazuri, wakampigia makofi. Wakati wanampigia makofi, Mwalimu Kibona alikuwa ameshaiangusha ndoo kwa mkono wake mmoja unaosikia, akijaribu kulamba maji sakafuni.

Alhamisi asubuhi Atuganile alishika kalamu amsainie tena. Akaandika jina. Alipofika kwenye saa, mkono ukasita. Alikuwa anajaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwona mzee ni lini, na hakumbuki. Akasaini. Ndiyo, alisaini. Kisha akaingia chumba cha walimu, akakiona kile kikaratasi juu ya meza ya mzee, kiko vile vile, kimeingia vumbi la chaki. Akauliza waliokuwepo nani ameongea na Mwalimu Kibona wiki hii. Wakatazamana.

Hakuomba ruhusa. Aliacha darasa lake, akavuka kijito, akapita kwenye misindano anakimbia. Akabisha hodi. Akabisha tena. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Akazunguka, akavunja kioo cha dirisha kwa jiwe, akaingia akijikata mkono. Akamkuta sakafuni, kiatu kimoja mguuni, ubavu mmoja umelala kwenye maji na uchafu wake mwenyewe. Macho yalikuwa wazi. Na yalikuwa yanaona. Yalimtazama Atuganile, yakabaki hapo hapo.

Afadhali angemkuta amekufa. Nasema neno zito, nisameheni. Lakini aliniambia mtu mmoja aliyewahi kuuguza, kwamba macho ya mgonjwa aliyesubiri muda mrefu ni mzigo ambao aliyefika akiwa amechelewa hautui.

Walimu waliomfuata walimbeba kwa pikipiki, mmoja mbele, mmoja nyuma, yeye katikati amefungwa kwa kitenge ili asianguke. Mwalimu mkuu naye akafuata. Kituoni tabibu alimpima, akageuka, akauliza swali la kawaida ambalo kila tabibu huuliza.

"Mara ya mwisho kumwona akiwa mzima ilikuwa lini?"

Mwalimu mkuu alijibu kabla hajafikiri. "Leo asubuhi amesaini."

Tabibu akatazama kitandani. Akatazama midomo iliyopasuka, na ule ubavu ambao ngozi ilikuwa imekwisha kuchubuka kwa kulaliwa siku nne. Akamrudia mwalimu mkuu.

"Huyu?"

Tabibu hakuuliza tena. Baadaye alimwambia Atuganile pembeni kwamba kama mzee angefikishwa Jumatatu hiyo hiyo, au hata Jumanne, pengine angekuja kutembea kwa fimbo. Sasa figo zimechoka, na hapo kituoni hana cha kufanya zaidi. Mwalimu Kibona alifariki Ijumaa alfajiri. Sekela alifika Ijumaa saa nane mchana.

Msiba ulikuwa mkubwa. Watoto wa darasa la tatu waliimba. Mwalimu mkuu alisoma wasifu wa marehemu, akasema kwamba katika maisha yake yote ya utumishi hakuwahi kukosa kazini hata siku moja. Sekela alikuwa amekaa kwenye mkeka mbele, akamtazama.

Mngesema mfano uishie hapo. Nami ningependa uishie hapo. Lakini hatukuishia hapo, maana sisi binadamu tukishamzika mtu bado tuna mambo yetu ya kupanga.

Mwisho wa mwezi wilaya ilitaka kitabu cha mahudhurio, kama ilivyotaka kila mwezi. Mwalimu mkuu akawaita walimu wote wanane kwenye chumba chao, akafunga mlango. Akakifungua kitabu mezani. Tabibu ameandika kwenye karatasi zake kwamba mgonjwa alianguka Jumatatu. Kitabu kinasema mgonjwa alifika kazini Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, saa moja kamili. Mtu akiziweka karatasi hizo mbili pamoja, wote wamekwisha.

Atuganile alisema yeye yuko tayari kwenda kujieleza, aseme ni mkono wake. Mwalimu mwenzake, mama mtu mzima, watoto watano, akamjibu taratibu kwamba akijisema yeye atakuwa amewasema wote, na wote wana watoto, na Mwalimu Kibona harudi. Wengine wakanyamaza, na kunyamaza kwao kulikuwa kura. Basi kikanunuliwa kitabu kipya kinachofanana na cha zamani, wakakubaliana kuunakili mwezi mzima upya. Akachaguliwa mwenye mwandiko mzuri. Alikuwa Atuganile.

Akaandika. Alipofika kwenye jina la Mwalimu Kibona, ile Jumatatu, akauliza aandike nini. Wakaanza kufikiri. Wakiandika "mgonjwa", wataulizwa: mlijua ni mgonjwa, mbona hamkwenda kumtazama? Wakiandika "ruhusa", mwalimu mkuu ataulizwa ruhusa aliyotoa iko wapi. Mwisho mwalimu mkuu akasema aache wazi. Atuganile akaacha wazi, siku nne. Kila mmoja akasaini kwenye nafasi yake, na safari hii kila mmoja alisaini kwa mkono wake mwenyewe.

Na hapo, wapendwa, ndipo kitabu kile kiliposema kweli kuhusu Mwalimu Kibona. Kilisema hayupo. Kilisema baada ya kuzikwa.

Zilipita wiki tatu. Sekela alirudi kijijini kufunga nyumba ya baba yake. Aligawa vyombo, akakunja nguo, akapita ofisi ya kata kuchukua karatasi za kufuatilia mirathi. Mhudumu akamwambia ipo bahasha ya baba yake imekuja kutoka wilayani, ya serikali, bora aichukue. Sekela akadhani ni rambirambi. Akaifungua pale pale amesimama.

Wilayani kulikuwa na karani, katika ofisi nyingine, asiyemjua Mwalimu Kibona wala habari za msiba. Kazi yake ilikuwa kupitia vitabu vya mahudhurio, na utaratibu ulikuwa kwamba mtumishi akikosa kazini zaidi ya siku tatu bila sababu kuandikwa, aandikiwe. Karani alikuta siku nne ziko wazi. Akafanya kazi yake, wala si wa kulaumiwa. Barua ilisema: imebainika kwamba hukuwepo katika kituo chako cha kazi tarehe kadhaa hadi tarehe kadhaa pasipo ruhusa ya mwajiri. Unatakiwa kujieleza kwa maandishi ndani ya siku saba, ni kwa nini usichukuliwe hatua za nidhamu.

Hebu fikirini. Siku nne mtu amelala sakafuni anasubiri mtu mmoja, mmoja tu, aulize yuko wapi. Na swali hatimaye likaja. Likaja na muhuri.

Sekela aliikunja barua, akapanda mpaka shuleni. Ilikuwa saa ya chai, walimu wote wanane walikuwa pamoja. Walipomwona walisimama, wakampa pole, mmoja akamvutia kiti. Hakukaa. Akaiweka barua katikati ya meza, karibu na birika, akainyosha kwa kiganja ili wote waweze kuisoma. Akasubiri mpaka wa mwisho amemaliza.

"Baba anaulizwa alikuwa wapi," alisema. "Mimi niliuliza hivyo hivyo, mkaniambia yupo. Mjibuni ninyi."

Akatoka. Atuganile alimfuata mpaka kwenye njia, akamshika kanga, akamwambia zile sahihi ni za kwangu, dada. Sekela akamwambia anajua. Alikuwa ameambiwa na tabibu ni nani aliyevunja dirisha, akajua mwenyewe kwamba anayevunja dirisha ndiye anayejua amechelewa kiasi gani. Atuganile akangoja aambiwe kitu kingine, atukanwe, asamehewe, chochote. Sekela akaitoa kanga yake mkononi mwake taratibu, akashuka mlima.

Siku saba zikapita. Hakuna aliyejibu. Wilayani mtu aliandika neno "marehemu" kwenye jalada, jalada likafungwa. Nasema hivi kwa uchungu: hakuna aliyeadhibiwa. Shule ile bado inafanya vizuri. Atuganile anafika kabla ya wote, giza bado lipo, na ukimsifu kwa kuwahi anatoka nje.

Sasa turudi hapa.

Mlikuwa mnawacheka walimu? Niliwaona baadhi yenu mnatikisa vichwa. Mimi sitikisi. Mimi ndiye mwalimu mkuu. Kila Jumapili mzee wa kanisa ananiletea karatasi: wanaume kadhaa, wanawake kadhaa, watoto kadhaa. Ninasaini, inakwenda jimboni. Idadi yetu ni nzuri, tumesifiwa. Na mwezi uliopita mwanamke mmoja anayeuza mboga aliniuliza njiani kama yule mama anayekaa humu kanisani karibu na nguzo ya kushoto amepona mguu. Mguu gani? Sikujua. Wiki tano alikuwa haji, na wiki zote tano nilikuwa nimesema hapa mbele kwamba tunamshukuru Mungu sote tu wazima. Nilikwenda. Sitawaambia nilikuta nini, ana heshima yake. Nitawaambia tu alichoniuliza. Aliuliza: "Mchungaji, kwani ilitangazwa kwamba nimehama?"

Nikakosa la kusema, nikaomba sala. Mnaona? Nilipokosa la kusema nikaomba sala, nikaondoka.

Ndivyo tulivyo sisi. Tunasema tupo pamoja. Tunasema tunakuombea. Tunatuma ujumbe wa pole kwa watu mia kwa kidole kimoja. Sawa. Yule mgonjwa unayesema unamwombea, unajua kitanda chake kiko upande gani wa chumba? Baba yako kule kijijini, ukiulizwa hajambo unajibu hajambo. Nani kakuambia? Mara ya mwisho macho yako kumwona ilikuwa lini? Na jirani yako, na yule dada aliyeacha kwaya kimya kimya, na mwenzako wa kazini ambaye hacheki siku hizi? Tunawasainia. Tena tunawasainia kwa upendo, na ndiyo sababu hatushtuki.

Najua mnangoja sasa niseme neno la kufariji, maana ndivyo mahubiri yanavyokwenda. Nimelitafuta wiki nzima. Mungu anasamehe, hilo nalijua na ninalishika. Lakini msamaha wa Mungu haumwinui mtu aliyekwisha kulala sakafuni siku nne. Kuna kuchelewa ambako toba haikufikii. Ningewadanganya nikisema vinginevyo, nami nimekwisha kusaini uongo wa kutosha.

Kwa hiyo leo wazee wa kanisa msihesabu watu. Karatasi ziacheni. Matangazo hayatasomwa, kwaya wataimba Jumapili ijayo, na mimi sitasimama mlangoni kushikana mikono. Kila mmoja wetu anaye mtu ambaye kichwani mwake amemwandika kwamba yupo, na hajamwona. Tokeni, mwende kwake kabla hamjala. Wengine tutabisha hodi na hatutaitikiwa, najua, imekwisha kuwa hivyo. Bisheni.